Taa Zilizima Kwenye Kona

Machi 14

Kidoti amelala. Mkono wake wa kushoto uko ndani ya plasta, kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Aliuliza kama plasta inaoga, nikamwambia haiogi, akasema basi na yeye haogi. Nilicheka naye, kisha nikajifungia bafuni nikalia huku nimefungua bomba.

Ilikuwa hivi. Siku ninazoshinda maabara ya hospitali hadi jioni, baba mkwe wangu ndiye anayemfuata Kidoti shuleni kwa gari lake, lile la rangi ya maziwa alilolinunua alipoacha kazi yake ya kushona suti. Leo mvua ya kwanza ya masika ilianza alasiri, na wingu likaleta giza kabla ya wakati wake. Walipofika kwenye kona ya kulia ya kuingia mtaani kwetu, penye ukuta wa kiwanda cha matofali, gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja hadi mtaroni.

Jirani alikuja kuniita, nikatoka mbio bila viatu. Gari lilikuwa limeinamisha pua mtaroni, na taa zote mbili za mbele zinawaka, zinamulika maji machafu. Baba alikuwa amesimama mvuani amembeba mtoto, ameushika ule mkono kama mtu aliyeshika yai.

"Nilipiga indiketa tu, mwanangu," aliniambia, "taa zikazima."

Sote tuliokuwepo tuligeuka kuzitazama zile taa.

Machi 15

Mume wangu amemwomba Baba ufunguo wa gari. Hakupaza sauti. Baba aliutoa mfukoni, akauliza ni nani sasa atakayezitazama taa. Mume wangu akamjibu kwamba taa hazina shida, mtaa mzima uliziona zikiwaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia balbu mpya za nguvu mwezi wa kwanza, kwa sababu Baba alikuwa akilalamika kwamba barabara haionekani. "Shida si taa, Baba," alisema. Hakumalizia, wala hakukuwa na haja.

Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, na moyo wangu wote ulikuwa upande wa mume wangu. Mtu akikosa na kukiri, hasira yako hupata pa kukaa. Lakini anayesingizia taa zinazowaka mbele ya macho yako ni kama anakutukana juu ya kukuumiza.

Kidoti naye anasema taa zilizima. Nikamuuliza kama ni Babu aliyemwambia aseme hivyo. Alinitazama kama hajaelewa swali.

Machi 16

Mvua kutwa. Kazini nimedondosha kioo cha hadubini, kikapasuka.

Machi 20

Baba amemshonea Kidoti kitambaa cha kuning'inizia mkono, kwa bitana ya hariri aliyoibakiza kutoka kwenye suti za watu wakubwa. Ni kizuri kuliko chochote kilichoko wodini kwetu. Kidoti anatembea nacho kama waziri.

Ila nilimwona Baba akishona. Uzi alitungiwa na Kidoti, kwa mkono mmoja mzima, kwa meno. Baba alishona kwa kupapasa, vidole vikitangulia sindano. Mchana alimimina chai pembeni ya kikombe, akaifuta haraka kwa mkono wa shati kabla mume wangu hajageuka. Nikasema kimoyomoyo, haya, mficha maradhi. Jioni wifi yangu alipiga simu. Anaishi mbali, safari ya siku nzima, na anasema yuko tayari kumchukua baba yake akakae kwake. Mume wangu aliniangalia. Nilisema ni wazo zuri.

Machi 24

Gari limerudi kutoka gereji. Anayelitengeneza ni fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Ngoja, kwa sababu ukimuuliza chochote atakujibu "ngoja kwanza". Mume wangu hutania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ngoja humjibu kwamba haraka huumiza injini.

Amenyoosha bampa. Taa amezipima kwa sababu Baba alikwenda kumwomba kwa miguu, mvuani, bila kutuambia. Fyuzi nzima, balbu nzima, umeme unafika. Aliziwasha na kuzizima mpaka akachoka. Mume wangu alipouliza, kwa hiyo hakuna tatizo, Ngoja alisema hajaliona, na kutoona si kutokuwepo. Mume wangu alicheka. Baba hakucheka, aliingia ndani.

Machi 29

Sasa mimi ndiye ninayeendesha gari la Baba kwenda kazini. Zamu yangu inaanza mapema, natoka nyumbani kungali na giza. Baba huamka kabla yangu. Hukaa kibarazani na kikombe chake, na kila asubuhi huniambia neno lilelile: niende taratibu ninapokata kulia. Namwitikia kwa adabu. Ndani naona ananisumbua.

Aprili 1

Mvua imepasua barabara ya nyuma niliyokuwa nikipita kwenda kazini. Sasa inabidi kupita barabara ya machimbo, ndefu zaidi, isiyo na taa hata moja.

Aprili 3

Leo kwenye geti la hospitali, nilipokata kulia, ukuta ulipotea mbele yangu, kisha ukarudi. Ilikuwa kama mtu kapepesa jicho. Mlinzi alikuwa amesimama palepale na mwavuli wake, hakuonyesha kuona kitu. Nimejiambia ni usingizi.

Aprili 5

Si usingizi. Imetokea tena, getini hapohapo. Sijamwambia mtu. Namwambia nani, na naanzia wapi?

Baba ameanza kupanga nguo zake sandukuni. Anazipanga vizuri, kama mtu anayemfungia mteja.

Aprili 8

Lazima niandike.

Asubuhi hii nilikuwa na Kidoti kwenye kiti cha nyuma, kwa kuwa leo alitakiwa kuonwa na daktari wa mifupa na nilitaka awe wa kwanza. Mvua ilikuwa kubwa, wipa zinafanya kazi ya bure. Tulikuwa tumeshakwenda mwendo mrefu kwenye barabara ya machimbo, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ambayo nilidhani inatoka nje, harufu ya plastiki iliyosogezwa karibu na moto. Tukafika panapokatwa kulia kuelekea hospitali. Mbele kulikuwa na lori linakuja, bado mbali, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kupita. Nilibonyeza indiketa, nikaanza kukata.

Giza likatuangukia. Si kupepesa jicho tena. Sikuona barabara, sikuona boneti. Nilichoona ni taa za lori peke yake, na nikajua kwamba dereva wake ameona gari likitoweka na hajui limekwenda wapi. Nipo katikati ya njia yake, sioni ninapokwenda, wala yeye hanioni nilipo.

Nilikanyaga mafuta. Sikufikiri, mguu ulifanya wenyewe. Gari liliruka kwenye kitu, nadhani ni ukingo wa barabara, na lori likapita nyuma yetu na honi yake ndefu na upepo uliotutikisa. Tukasimama kwenye majani. Indiketa bado inagonga, tik, tik, tik. Niliurudisha katikati mkono wa indiketa, kile kijiti cha pembeni ya usukani, na taa zikawaka zenyewe, zikamulika mihogo ya mtu shambani, kila jani, kama mchana.

Nilikuwa nimeshika usukani, siwezi kuuachia. Kidoti nyuma hakulia. Alisema polepole, kama anayenielekeza jambo shuleni, "Mama, ndivyo zilivyozima kwa Babu."

Aprili 8, jioni

Nimemweleza mume wangu. Alinikumbatia, akamshika Kidoti kichwani. Halafu akasema waya utakuwa ulilegea gari lilipoingia mtaroni. Yaani Baba aliliangusha, na kwa sababu aliliangusha, taa zimeharibika. Nikamwambia hapana, Baba alisema zilizima kabla ya kuanguka, kwenye indiketa, kulia, na mimi zimenizimikia kwenye indiketa, kulia. Akasema, "Mama Kidoti, mtu anayemimina chai mezani anaendeshaje gari?"

Kumbe ile chai naye aliiona, kama mimi.

Safari ya kwa wifi ni tarehe kumi na moja. Mume wangu anataka kumpeleka Baba kwa gari lilelile, waondoke alfajiri. Nimemwambia hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda gari lile gizani. Leo tutalala kila mtu na ukuta wake.

Aprili 9

Nilikwenda kukaa na Baba kibarazani. Shikamoo niliyompa leo ilinitoka kwa shida, naye aliisikia hiyo shida. Nilimwomba anisimulie siku ile yote, tangu alipowasha gari. Kumbe tangu ajali hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tumemaliza kesi bila kumsikiliza mshitakiwa.

Alinisimulia bila hasira. Aliwasha taa tangu mchana kwa sababu ya wingu. Alizunguka mjini kununua vifungo, kisha akaenda shuleni, akasubiri kengele huku gari linaunguruma na taa zinawaka. Njiani alisikia harufu. Alidhani ni kiwanda cha matofali. Alipoushusha mkono wa indiketa kwenye kona aliuona laini, "kama kitambaa kilichopigwa pasi kupita kiasi," na hapo taa zikaondoka. Gari lilipogonga mtaro, ule mkono ukaruka mahali pake, zikarudi.

Nimekuwa nikilifikiria hilo neno kutwa. Taa zilikuwa zimewaka muda mrefu. Na mimi pia, barabara ya machimbo ni ndefu. Ngoja alizipima gari likiwa baridi, limelala usiku kucha gerejini. Kila siku kazini tunawarudisha watu nyumbani damu yao ikiwa safi, tukawaambia wakizidiwa warudi homa ikiwa imepanda, kwa maana vidudu vya malaria havijionyeshi kila saa. Mimi huyo ninayewaambia watu hivyo.

Aprili 10

Nimeomba ruhusa kazini. Asubuhi nilimwambia Baba avae viatu. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulizunguka na gari mchana kweupe, taa zimewaka, kama wendawazimu. Wenye pikipiki walikuwa wakituonyesha ishara kwamba tumesahau kuzizima, na Baba akawa anawapungia mkono kuwashukuru. Tulikwenda hadi machimbo na kurudi. Kila kona ya kushoto, salama. Kwenye kona za kulia za mwanzo, salama pia, nikaanza kuogopa kwamba leo gari litajifanya zima. Ndipo ile harufu ikaja. Baba aliinama, akaweka kiganja kwenye kasha la plastiki chini ya usukani, akakitoa haraka.

"Homa imepanda," alisema.

Niliingia gereji bila kuzima injini, nikamwita Ngoja kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Nilishusha mkono wa indiketa upande wa kulia. Ngoja alikuwa amesimama mbele ya gari. Nilimwona akitazama taa ya kulia, ya kushoto, halafu mimi.

"Usiguse kitu," alisema. "Ngoja kwanza."

Mara hii hakuna aliyetamani kumtania. Alichomeka tesita, kijitaa chake cha kupimia umeme, nyuma ya balbu: hakuna umeme. Kwenye fyuzi: upo. Akapiga magoti mlangoni, akafungua skrubu za lile kasha, likashuka na nyaya zake zote zikaonekana. Alitueleza kila hatua, Baba akiwa ameinama ubavuni mwake. Gari hili ni la zamani, umeme wote wa taa za mbele hupita ndani ya huu mkono tunaoushika kila siku, unaowasha taa na kupiga indiketa. Akagusa waya unaoingia, tesita ikawaka. Akagusa unaotoka. Tesita ikabaki nyeusi.

Alichukua kipande cha waya, akaunganisha unaoingia na unaotoka, akauruka ule mkono kabisa. Ukuta wa gereji ukawa mweupe kwa mwanga.

Baba aliweka mkono juu ya paa la gari, akasimama hivyo.

Aliyesema kwanza ni mume wangu. Alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Jirani alimwambia kwamba ameniona nikizunguka na Baba na taa mchana, naye akadhani kuna jambo baya. Aliuliza kama swichi inaweza kufa hivihivi tu. Ngoja alikuwa ameshauchomoa ule mkono kwenye plagi yake, na plagi yenyewe ilikuwa imegeuka kahawia, tundu moja limeyeyuka kama mshumaa. Alisema swichi imepikwa. Alikwenda mbele, akachomoa balbu moja, akaigeuza kwenye mwanga kusoma maandishi yake.

"Hizi zinavuta umeme karibu mara mbili ya ule wa balbu za gari hili," alisema. "Mimi siku ile nilipima kama zinawaka, sikusoma vitako vyake. Hilo ni langu. Nani alizifunga?"

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Baba alimtangulia. "Nilikuwa nalalamika sioni barabara," alisema. "Kijana wangu akanitafutia mwanga."

Mume wangu alikaa juu ya tairi lililolazwa pale chini, akajishika kichwa. Baba alikwenda akasimama karibu naye. Sikusikia walichosema, na sikusogea ili nisikie.

Aprili 11

Siku ya safari. Hakuna aliyesafiri. Sanduku la Baba bado liko mlangoni pa chumba chake, limefungwa. Mume wangu hulikwepa anapopita, kama mbwa wa watu.

Aprili 15

Mkono wa taa umepatikana kwa wanaobomoa magari ya zamani. Ngoja ameurudisha: kwa sura ni pacha, lakini plagi yake ina tundu pungufu. Mume wangu alipendekeza waya uunganishwe kwa utepe wa umeme, mambo yaishe. Ngoja alimtazama, na mume wangu akasema haya, ngoja kwanza.

Aprili 17

Mvua. Nakwenda kazini kwa miguu, na Baba bado huamka kabla yangu. Siku hizi haniambii kitu kuhusu kukata kulia. Tunakunywa chai tu. Nimegundua anapomimina huweka kidole ukingoni mwa kikombe, kusikia moto ukifika. Nimeona na nimenyamaza. Nina hofu ya aina nyingine sasa. Taa zikipona, atarudishiwa ufunguo wake, tena kwa haki. Na nitamwambia nini mtoto wangu akikimbilia mlango wa mbele wa lile gari?

Aprili 21

Mkono unaofaa umepatikana, mpya, ndani ya boksi lake. Leo sote tulikwenda gereji, hata Kidoti, aliyetolewa plasta jana na mkono wake umekonda kama fimbo.

Ngoja alianza kwa kutoa waya wa betri. Alibandua kifuniko cha honi katikati ya usukani, akalegeza nati kubwa iliyo chini yake, na kabla ya kuung'oa usukani alichora alama kwa chaki, nusu kwenye usukani na nusu kwenye mhimili, ili urudi kama ulivyokuwa. Vinginevyo, alisema, utakwenda mbele huku usukani unatazama kwa jirani. Akautikisa kulia na kushoto hadi ukatoka. Skrubu za ule mkono zilikuwa zimeganda. Alimwomba mume wangu ashike tochi, naye akaishika kwa mikono miwili.

Aliufungua ule uliokufa ili tuone ndani. Ni vijisahani vya shaba, vidogo kama kucha ya mtoto. Kimoja kimeungua, kimejikunja, na plastiki inayokishikilia imelainika, kwa hiyo mkono ukishushwa kulia kinanyanyuka na kuacha mwenzake. Baba alikipapasa kwa ncha ya kidole kwa muda mrefu. Kitu kidogo hivyo, na kwa sababu yake tulimhukumu mtu.

Plagi ilibadilishwa pamoja na kipande chake cha waya. Balbu za kawaida zikarudi mahali pake. Usukani ukakaa kwenye chaki yake, nati ikakazwa, betri ikaunganishwa. Ngoja akatuambia tusishangilie. Aliacha taa ziwake, akaenda kula, akarudi, akatia kiganja chini ya usukani: baridi. Indiketa kulia. Zinawaka. Kulia tena. Zinawaka. Kidoti alitaka apige yeye, akaachiwa, akapiga kwa mkono ule uliovunjika.

Mume wangu alitoa ufunguo mfukoni, akaupokeza kwa mikono miwili. "Baba, nisamehe," alisema. "Gari lako hili."

Nilikuwa na neno mdomoni na sikuwa na haki ya kulisema.

Aprili 21, naendelea

Mume wangu aliniita chakula, ndiyo maana niliacha.

Baba alisema atalijaribu mwenyewe, na akaniomba nikae pembeni yake. Kidoti aliambiwa abaki na baba yake. Jua lilikuwa linazama, mvua imepumzika. Aliendesha polepole sana hadi mwisho wa barabara ya gereji, akapiga indiketa, akakata kulia, taa zikakaa kama zilivyo. Alikwenda kidogo tena. Mbele yetu kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo wa majani, amevaa nguo nyeupe, amemulikwa na taa zetu mwili mzima. Nilisubiri Baba apunguze mwendo. Hakupunguza.

"Baba, kuna mtu," nilisema.

Alikanyaga breki. Tukasimama vizuri, mbali naye, hakuna aliyedhurika. Mwenye baiskeli hakugeuka hata. Baba alizima injini, akaacha taa zimewaka. Alikaa anatazama mbele, na nilijua haoni baiskeli, anaona weupe tu.

"Taa ni nzima," alisema mwishowe. "Sasa naweza kusema. Macho yangu siyo."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya zile balbu. Kila kitu kina ukungu, na taa za magari mengine humlipukia kama maua. Nikamuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini hakusema tulipokuwa tunamuuliza.

"Hamkuniuliza, mliniambia," alisema. "Na ningekubali siku ile kwamba ni macho, nani angefungua huo usukani? Mngesema tumejua, mkapanda gari, mkaenda. Zingemzimikia nani?" Kisha akasema, "Lakini usinifanye mtu mwema kupita kiasi. Niliogopa pia. Jioni ile hata mwenye macho ya mwewe asingeona kitu. Ila nilikuwa nimempakia mtoto huku najua siku zangu za kuendesha zimepita. Hilo nalijua mimi na Mungu wangu, na sasa na wewe."

Nilishuka, nikazunguka, yeye akahamia kiti changu. Ufunguo aliuacha mahali pake. Tuliporudi gereji mume wangu aliona mimi ndiye niliyeshika usukani. Hakuuliza. Baba alimwambia mwenyewe, amesimama wima, kama mtu anayetoa taarifa, na mume wangu akamshika bega na kumwita Baba mara mbili.

Aprili 22

Sanduku limefunguliwa. Mume wangu amezitundika nguo kabatini yeye mwenyewe, vibaya. Baba amezitundika upya.

Mei 4

Daktari wa macho anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Watalianza hilo. Baba aliuliza kama ataweza kutunga uzi. Daktari akasema atatunga na sindano ataichagua mwenyewe.

Mei 10

Mvua zinapungua. Wifi amepiga simu kuuliza baba yake anakuja lini. Mume wangu amemweleza yote, hata ya balbu.

Mei 19

Leo wamempasua. Nilimfuata baada ya zamu. Alitoka ameshikwa mkono na muuguzi, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji nene, na la kushoto ndilo hilo la ukungu, kwa hiyo kwa siku ya leo haoni kitu kabisa. Alinitambua kwa hatua zangu. Nilimkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda.

Tulipotoka getini giza lilikuwa linaingia na manyunyu yameanza. Niliwasha taa. Tulikwenda kimya, yeye ameegemeza kichwa, mikono yake juu ya magoti.

"Umewasha taa, mwanangu?" aliuliza.

"Nimewasha, Baba."

"Zinawaka zote mbili?"

"Zote mbili."

"Sawa," alisema, akalala usingizi mpaka nyumbani.